Mwaka Nilipoandika Majina ya Mawaridi

Mwezi uliopita nilisimamishwa mbele ya kaburi huko Ngoliba nikasifiwa mpaka masikio yakanichoma. Aliyezikwa ni Mbugua, mtunza bustani hodari kuliko wote niliopata kuwaona, na aliyenisifu ni Njoki, binti yake wa kwanza, ambaye sasa mwenyewe ni nyanya. Alikuwa amenipigia simu nyumbani kwa mwanangu, mtaa wa Kahawa Sukari, akaniambia, "Mzee Barasa, baba aliacha neno. Asifunikwe na udongo kabla wewe hujasema kitu." Nikaenda. Njoki akashika kipaza sauti, akawaeleza watu kwamba mwaka wa hamsini na tano, wakati wa Hali ya Hatari, huyu mzee mnayemwona, mtu wa Bungoma asiye na undugu wowote nasi, ndiye aliyemtoa baba kizuizini kwa kusoma kitabu. Watu wakapiga makofi. Mama yake, ambaye tangu zamani namwita Mama Njoki, alikuwa kwenye kiti cha mbele, amejifunika blanketi magotini, akitazama chini. Nilisema maneno mawili matatu ya kawaida, kwamba marehemu alikuwa mtu wa kazi na mtu wa ukweli, kisha nikakaa. Waliokuwa karibu nami walidhani nimezidiwa na majonzi. Nilikuwa nimezidiwa na aibu, na kwa kuwa sitaki kufa nayo, naiandika hapa, katika sura ambayo mwanzoni nilikusudia iwe ya kuchekesha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza darasa la nane, na nilijiona msomi hasa. Shamba lenyewe lilikuwa katikati ya Ruiru na Thika, kahawa pande zote, reli upande mmoja, na katikati nyumba ya mawe yenye veranda ndefu. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kizungu, mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, na mbele ya veranda yake alikuwa na bustani ya mawaridi zaidi ya mia moja. Hayakuwa mawaridi ya siku hizi yanayokatwa na kupelekwa uwanja wa ndege. Yalikuwa mawaridi ya kale, aliyoyaagiza yeye na marehemu mumewe kwa meli mpaka Mombasa na kwa treni mpaka Ruiru, kila moja na jina lake la Kifaransa au la Kiingereza. Tatizo lilikuwa kwamba vibao vya mbao vilivyokuwa na majina vilikuwa vimeliwa na mchwa, na mtu aliyeyajua majina bila kibao, Mbugua, alikuwa amechukuliwa na askari miezi mitatu kabla sijafika. "Wewe nasoma Kizungu?" Memsahib aliniuliza siku ya kwanza. Nikasema nasoma. "Basi wewe taandika kwa bati. Mimi hapana taka mchezo. Jina moja, rosi moja. Rosi moja, jina moja." Akanipa vipande vya bati, msumari, nyundo ndogo, karatasi ya majina aliyoyakumbuka, kitalu kwa kitalu, na kitabu kikubwa cha mumewe chenye majina ya mawaridi yote ya duniani, ili nisikosee herufi. Nyumbani niliandika barua kwamba nimepata kazi ya ukarani. Sikusema ni karani wa maua.

Chumba nilichopewa kilikuwa cha Mbugua. Kilikuwa nyuma ya tangi la maji, cha mawe, na kitanda kilichoundwa kwa mbao za masanduku ya chai. Mkewe, mamake mzee na mtoto wao Njoki walikuwa wamehamishiwa kwenye kambi ya vibarua iliyozungushiwa seng'enge, na mimi mgeni nikalala kwenye kitanda cha mwenyewe. Ukutani kulikuwa na msumari uliobakia na kofia yake ya kufumwa, na kwa muda mrefu sikuthubutu kuigusa wala kuitoa. Vibarua hawakunitukana. Ningependa kama wangenitukana, ningepata la kujibu. Walinisalimu kwa neno moja, wakaendelea na Kikuyu chao, na nilipokaribia foleni ya maji mazungumzo yalikufa. Kwao nilikuwa Mkavirondo, mtu wa magharibi, aliyeletwa kukalia nafasi ya mtu wao, na kusema kweli ndivyo nilivyokuwa. Jumapili nilifua nguo zangu mbili, nikazianika, nikakaa kitandani kungoja zikauke, na nikajikuta nikisoma kitabu cha mawaridi kwa sauti ili tu nisikie mtu akisema. Bustanini kulikuwa na waridi moja jekundu lililoitwa Agrippina. Shangazi yangu aliitwa Agripina, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, na nilipolipata jina hilo kwenye karatasi ya Memsahib nilifurahi kijinga, nikalipigia kibao chake kabla ya vingine vyote.

Kosa langu la kwanza nililifanya katika juma langu la kwanza. Kila mti wa waridi ulikuwa na kipande cha kamba ya katani kimefungwa karibu na shina, chini kabisa, kimekaza na kuchakaa. Nilidhani ni mabaki ya kamba zilizoshikilia vile vibao vya zamani. Nikavikata vyote kwa kisu, kimoja kimoja, nikavitupa kwenye lundo la makapi ya kahawa, na mahali pake nikaanza kufunga bati zangu zinazong'aa kwa waya mpya. Memsahib alipita akasema, "Mzuri, safi." Nililala nimeridhika.

Kilichomfanya Mbugua achukuliwe nilikisikia bila kuuliza. Jumapili alasiri Memsahib alipokea wageni, wazungu wa mashamba ya jirani, wakanywa chai verandani, na mimi nikiwa kwenye vitalu chini ya ukuta niliwasikia vizuri. Hawakudhani kwamba mtu wa kunakili herufi ataelewa mazungumzo yao. Hadithi aliyopenda kuisimulia ilikuwa ya Agrippina. Dada yake huko Uingereza alikuwa na waridi hilo mlangoni, na dada alipofariki Memsahib akaliagiza kwa barua, akalingoja mwaka mzima, akamkabidhi Mbugua alipande. Lilipotoa maua akaona ni yaleyale ya waridi jingine alilokuwa nalo siku zote karibu na tangi, lililoitwa Cramoisi Supérieur. Akaamua kwamba Mbugua ameuza Agrippina ya kweli kwa mtunza bustani wa shamba jingine na kumpandia yeye kijiti cha lile la zamani. Mbugua alikana. Alimwambia kwamba alichopanda ni kilekile kilichotoka kwenye sanduku, na kwamba mawaridi hayo mawili ni moja. Memsahib alitafuta Agrippina kwenye kitabu cha mumewe, chini ya herufi A, hakuliona, akazidi kuamini kwamba ni waridi la nadra na limeibwa, ingawa jina aliliacha kwenye karatasi yake kwa ajili ya dada. Kwa hiyo askari walipokuja kuchambua vibarua kutafuta waliokula kiapo cha waasi, na mtoa habari aliyefunikwa gunia kichwani akaitikia kwa kichwa mbele ya Mbugua, mwajiri wake aliulizwa kama atamdhamini akanyamaza. "Ningemwandikia barua kesho," alimwambia mgeni wake, "kama angekuwa mtu mwaminifu." Mgeni, bwana mmoja mwenye mashavu mekundu, akasema kwamba machoni pake hakuna tofauti yoyote. "Mawaridi au vibarua?" Memsahib akauliza, na wakacheka kwa muda. Nami chini ya ukuta nilitabasamu, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilijivunia kuelewa mzaha wa Kiingereza.

Mama Njoki alikuwa akiletwa bustanini kupalilia siku ambazo hakukuwa na kahawa ya kuchuma. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono yenye nguvu, wa umri wa miaka ishirini na sita hivi. Adhuhuri alikula chakula chake ndani ya kibanda cha vyungu, ambako mimi nilikuwa nikigonga herufi zangu, na kwa miezi miwili hatukusema zaidi ya salamu. Siku moja ya mwezi wa tano, mvua ikinyesha, aliingia ameshika kipande cha katani alichokiokota kwenye makapi.

"Nani alikata hii?" akauliza.

"Mimi. Zilikuwa zimeoza."

Akakitazama, akaanza kucheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha yoyote. "Ngai! Umekata zote?"

Nikasema zote. Akakaa juu ya gunia akanionyesha kwa kidole. Mbugua hakujua kusoma, akasema, kwa hivyo alikuwa akifunga mafundo. Kila aina ya rosi ilikuwa na mafundo yake, mawili na nafasi, matatu na kubwa moja, hivyo hivyo. Hakuangalia ua, kwa sababu ua hudanganya: lililo juani hugeuka jeusi, lililo kivulini hubakia limefifia, na mtu anasema ni vitu viwili. Yeye alishika jani, akalipondaponda, akanusa, akapapasa miiba kwa kidole gumba. "Ile nyekundu ya Memsahib, na ile ya tangi, alizifunga sawasawa. Matatu na kubwa moja. Aliniambia siku ileile ilitoka kwa sanduku: huyu mama amenunua kitu iko nayo." "Sasa hata mafundo hakuna. Hiyo kitabu yako inasema nini?"

Nilikuwa nacho magotini. Nilikuwa nikihakiki majina ya karatasi ya Memsahib kitabuni, kwa mpangilio kutoka ukurasa wa kwanza, jina kwa jina, kama mtu anayekula mahindi safu kwa safu, na siku hiyo nilikuwa nimefika herufi C. Sijui kama nilikuwa nikitafuta. Macho yangu yalitua juu ya Cramoisi Supérieur, na chini yake, kwa herufi ndogo zilizolala, kulikuwa na maneno kwamba waridi hili katika nchi nyingine huuzwa kwa jina la Agrippina. Ndiyo maana Memsahib hakuliona. Kitabu hakikuyapa nafasi yake majina ya pili. Yalifichwa chini ya majina ya kwanza, na anayeyatafuta kwa herufi zake hayapati. Mbugua alikuwa amesema kweli kwa kidole gumba, na kitabu kilikubaliana naye.

"Haisemi kitu," nikamwambia Mama Njoki, na nikafungua ukurasa mwingine.

Nimejaribu miaka yote hii kujitetea mbele yangu mwenyewe, na nitaeleza kama nilivyojieleza wakati ule. Mbugua akirudi, nitafanya nini mimi? Bustani moja haihitaji watu wawili. Nitarudi nyumbani na sanduku langu, nimekaa ukarani miezi minne. Nilijiambia pia kwamba Memsahib hataniamini, kwamba askari hawatajali barua ya mama wa mawaridi, kwamba labda Mbugua alikula kiapo kweli na mahali pake ni huko huko aliko. Nilijiambia nitasema mwezi ujao, vibao vikishakamilika. Hakuna hata moja ya hizo iliyokuwa sababu. Nilikuwa mwoga, basi.

Kesho yake Mama Njoki alikuja na chakula cha watu wawili. Aliweka bakuli la githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mbele yangu, akafunika na jani la mgomba, akasema, "Kula. Mtu akikaa peke yake hapiki vizuri." Nilishikwa na haya, nikala. Tangu siku hiyo alileta kila siku aliyokuja bustanini: githeri, viazi vilivyopondwa na mboga, mara moja hata ndizi za kuchoma alizozipata sijui wapi, na kule kambini chakula kilikuwa cha kubahatisha. Tulikula tukiongea. Alinifundisha kumsalimu mtu mzima kwa Kikuyu, akanicheka nilivyotamka. Nilimweleza habari za mrenda, mboga yetu inayoteleza, na ugali wa wimbi, akasema huo mrenda ni kama kula kamasi, tukacheka wote wawili. Alinisimulia namna Mbugua alivyokuwa akifunga vijiti vya mawaridi kwenye maganda mabichi ya mgomba ili visikauke, namna alivyozungumza na mti unaougua. Kila hadithi ilikuwa ya Mbugua, na kila alipoimaliza alinyamaza na kunitazama, na mimi nilichota kijiko kingine. Nilidhani ananisimulia kwa kuwa nimekuwa rafiki yake. Katika mwaka ule wote ulikuwa ndio muda pekee ambao sikujisikia mpweke, na sasa nilikuwa na sababu mpya ya kukaa kimya, mbaya kuliko ya kwanza. Mume akirudi, nani ataniletea bakuli?

Mamake Mbugua alikuwa ajuza mwenye macho yaliyofifia. Nilipotumwa kambini kuita vibarua nilimkuta daima amekaa karibu na lango la seng'enge, juu ya kipande cha gogo, na kila aliyepita alimwuliza swali lilelile: "Mbugua arĩ kũ?" Mbugua yuko wapi? Wengine walimjibu kwa upole, wengine walipita. Mimi nilijifanya sijui lugha, ingawa kufikia wakati huo maneno hayo nilikuwa nayajua vizuri sana. Mwezi wa nane, katika baridi ile ya ukungu wa Ruiru ambayo haipandi wala haishuki, akaanza kukohoa. Mama Njoki hakuja bustanini siku nne. Siku ya tano alikuja na kichwa kimenyolewa, akapalilia kitalu kizima bila kuinua uso, na adhuhuri akaingia kibandani na bakuli kama kawaida. "Cucu wa Njoki amekufa," akasema. "Alikuwa anauliza yeye mpaka mwisho." Akanisogezea chakula. Nilikula. Hilo ndilo nisilolielewa mpaka leo katika habari zangu zote, kwamba nilikula nikamaliza.

Ilinichukua siku nyingine kumi. Niliingia verandani asubuhi na kitabu kikubwa mikononi, nimekifungua, Memsahib akiwa na barua zake na kikombe. Nikaweka kidole chini ya zile herufi ndogo. Alivaa miwani yake akasoma, akasoma tena, akaondoa mkono wangu akasoma mara ya tatu. Nje ya ukuta Agrippina lilikuwa limechanua, na karibu na tangi lile jingine nalo pia, ua jeusi na ua lililofifia, na sote wawili tukayatazama.

"Nani naonyesha wewe hii?"

"Nimeona mwenyewe, Memsahib."

"Lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. "Jana," nikasema.

Alivua miwani, akakaa muda mrefu akisugua mahali inapobana puani. "Miaka miwili mimi naita yeye mwizi," akasema, na sidhani alikuwa akisema na mimi. Kisha akaagiza karatasi, akaandika barua kwa DC wa Thika, akaipeleka yeye mwenyewe kwa gari lake siku hiyohiyo, bila kofia. Siku zilizofuata aliandika nyingine tatu. Nilikuwa nimejidanganya kwamba barua ya mama wa mawaridi haitajaliwa.

Mbugua alirudi mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Alikuwa mwembamba, mashavu yameingia ndani, na koti la mtu mwingine. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kunywa uji, alizunguka bustani yote akipapasa majani kwa kidole gumba, na vibao vyangu vya bati alivipita kana kwamba havipo. Kisha akaja kibandani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Barasa, wewe ni ndugu yangu. Mimi nilisema mara mia, hiyo ni kitu moja, hakuna mtu aliamini. Wewe ulitafuta mpaka ukapata."

Nilitazama vibao vyangu sakafuni.

"Mama yangu, ulimwona kabla hajafa?"

"Nilimwona."

"Alikuwa anauliza mimi?"

"Alikuwa akikuuliza," nikasema, na mzee huyu, maana ghafla alionekana mzee, akainamisha kichwa juu ya mikono yetu, akasema asante, asante, kana kwamba nimempa kitu.

Nilipewa juma moja kuhama, na Memsahib akaniandikia cheti kizuri kilichonipatia kazi kwenye kiwanda cha kusindika matunda, Eneo la Viwanda Thika, ambako nilikaa miaka thelathini. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa kibandani nikirudisha nyundo na msumari wakati Mama Njoki alipoingia. Nilifurahi kumwona. Nilidhani amekuja kuniaga, na nikaanza hotuba yangu, kwamba nitawatembelea, kwamba Thika si mbali, kwamba githeri yake nitaikumbuka. Aliniacha nimalize.

"Siku ile ya mvua," akasema, "kidole yako ilisimama."

Nikajifanya sijaelewa.

"Mimi sijui kusoma, Barasa. Lakini mtu akiona kitu, mimi najua. Kidole ilisimama, ukameza mate, ukafungua karatasi ingine. Nilijua siku hiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Memsahib angeamini mimi? Ningegombana na wewe, ungeficha hiyo kitabu. Kwa hivyo nilipika." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kila siku nilisema, leo akishiba atasema. Chakula ya Njoki nilipunguza, ya cucu nilipunguza, nikaleta hapa. Wewe ukala."

Nilisema jina lake.

"Mbugua hajui, na mimi sitamwambia. Ametoka kule na hana mtu wa kuamini isipokuwa wewe. Wacha akushukuru mpaka afe." Akachukua jembe lake lililoegemea mlangoni. "Lakini kwangu usikuje kula tena," akasema, na akaenda kumpikia mumewe.